Dawa za Kusafisha Injini: ya Kwenye Tangi, ya Kupuliza, ya Kwenye Oili, au Kufungua na Kusafisha kwa Mkono?

Mwenye gari anayetafuta dawa ya kuondoa ukoko wa kaboni kwenye injini hukutana na makopo na chupa nyingi zinazoahidi mambo yaleyale: injini itatulia, nguvu itarudi, na mafuta yatatumika kidogo. Kwa kuwa ahadi zinafanana, ni rahisi kudhani kwamba hata dawa zenyewe zinafanana na kwamba kazi iliyobaki ni kuchagua chupa. Sivyo. Dawa hizi hupita njia tofauti kabisa ndani ya injini, na kila moja husafisha pale tu inapofika kwa wingi wa kutosha na kukaa kwa muda wa kutosha. Inayomiminwa kwenye tangi hufuata njia ya petroli, inayopulizwa hufuata njia ya hewa, na inayotiwa kwenye oili huzunguka pamoja na oili. Kwa sababu hiyo, katika ulinganisho huu nimeipima kila njia kwanza kwa swali la mahali inapofika, kisha kwa madhara inayoweza kuleta, na mwisho kwa usumbufu wake. Jina lililoandikwa kwenye kopo halikuhesabiwa.

Mahali uchafu unapojijenga

Kuna sehemu nne zinazostahili kutofautishwa, kwa sababu dawa inayofaa sehemu moja aghalabu haigusi nyingine.

Ya kwanza ni ncha ya injekta (kifaa kinachonyunyiza petroli kwenye injini), ambayo mafundi wengi huiita nozeli. Uchafu wake hujijenga zaidi gari likiwa limezimwa kuliko likiwa linatembea. Injini inapozimwa, petroli iliyokuwa ikipoza ncha ile huacha kupita, huku joto la silinda hedi likiendelea kupanda kwa muda; tone dogo lililobaki kwenye ncha hukauka, sehemu zake nyepesi huruka, na zile nzito hubaki na kugeuka utomvu mgumu. Gari linalofanya safari fupi nyingi na kuzimwa kila mara hupitia hali hii mara nyingi kuliko gari la safari ndefu. Kwenye injekta zinazopuliza moja kwa moja ndani ya silinda, matundu huwa na kipenyo cha takriban milimita 0.1 hadi 0.2, na kwa hiyo hata utando mwembamba hutosha kupotosha mnyunyizo.

Ya pili ni mgongo wa valvu za kuingiza hewa. Hapa ukoko hutokana na mvuke wa oili unaofyonzwa kutoka chini ya pistoni na kurudishwa kwenye njia ya hewa, na oili inayopenya kwenye sili za valvu. Katika magari yenye mfumo wa EGR, masizi ya moshi unaorudishwa ndani ya injini huongezeka juu ya hayo. Ya tatu ni chumba cha mwako, yaani kichwa cha pistoni na kuta zinazokizunguka, ambako kaboni ikiwa nene hupunguza nafasi, hupandisha mgandamizo na hushika joto, hadi injini iliyokuwa ikiridhika na petroli ya oktani (uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kugonga) ya kawaida ianze kugonga. Ya nne ni upande wa oili: ringi za pistoni, mifereji ya oili, na sehemu ya chini ya tapeti kava ambako tope jeusi hujikusanya.

Kabla ya kununua chochote, mwenye gari anapaswa pia kujua namna injini yake inavyopokea petroli. Katika injini ambayo injekta zake zipo kwenye mlango wa hewa, petroli hunyunyizwa juu ya mgongo wa valvu kabla ya kuingia kwenye silinda, kwa shinikizo la kawaida la takriban baa 3 au 4. Katika injini inayopuliza moja kwa moja ndani ya silinda, ambayo huweza kutambulika kwa maandishi kama GDI, TSI au D-4, petroli huingia kwa shinikizo linaloweza kufika baa 200 au zaidi na haigusi mgongo wa valvu hata kidogo. Tofauti hii peke yake inatosha kuamua nusu ya uchaguzi.

Dawa ya kwenye tangi

Hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote: chupa humiminwa kwenye tangi, tangi hujazwa petroli, na gari huendeshwa kama kawaida. Ndiyo pia njia yenye msingi madhubuti zaidi wa kikemia, kwa sharti kwamba kilichomo ndani ya chupa ni kisafishi cha kweli. Sharti hilo ndilo linalopuuzwa, na ndilo linalostahili nafasi kubwa kuliko jambo jingine lolote katika makala haya.

Visafishi vikuu vya petroli vinavyouzwa kwa chupa ni vya koo mbili. Wa kwanza ni polietaamini, unaoandikwa kwa kifupi PEA, ambao kampuni ya Chevron ya Marekani iliupeleka sokoni katika miaka ya 1980 na sasa unajulikana kwa jina Techron. Wa pili ni poliisobutileni amini, unaoandikwa PIBA. Molekuli za koo zote mbili zina kichwa chenye naitrojeni kinachoshika uchafu na mkia unaoyeyuka ndani ya petroli, hivyo uchafu hubanduliwa kidogo kidogo na kuchukuliwa na petroli yenyewe hadi kwenye mwako. Zinapotengana ni kwenye joto. PEA hustahimili joto la chumba cha mwako vya kutosha kufanya kazi hata huko, na huungua bila kuacha mabaki mengi. PIBA husafisha vizuri valvu na njia za petroli zisizo na joto kali, lakini kwa kipimo kikubwa mkia wake mzito huweza kuongeza kaboni kwenye kichwa cha pistoni. Kwa hiyo, kwa mtu anayehitaji kusafisha injekta pamoja na chumba cha mwako, ninachagua PEA bila kusita. PIBA inafaa kwa kuzuia uchafu usirudi, hasa inapokuwa tayari imo ndani ya petroli kwa kipimo kidogo cha kila siku.

Kuna kundi la tatu ambalo si kisafishi kwa maana hiyo, nalo ni chupa zilizojaa mafuta mepesi ya petroli, mafuta ya taa au alkoholi. Hesabu ndogo inaonyesha udhaifu wake. Chupa ya mililita 350 ikichanganywa na lita 45 za petroli haifikii hata asilimia 1 ya mchanganyiko. Petroli yenyewe ni kiyeyushi kikali, na kama lita 45 za kiyeyushi zimeshindwa kuondoa ukoko, hakuna sababu ya kuamini kwamba kiasi hicho kidogo cha kiyeyushi kinachofanana nazo kitauondoa. PEA hufanya kazi kwa uchache uleule kwa sababu haitegemei kuyeyusha tu. Hushika uchafu na kuubandua. Njia ya kutambua tofauti ni kutafuta karatasi ya taarifa za usalama ya dawa husika, ambayo watengenezaji wengi huiweka wazi mtandaoni. Humo hutajwa kemikali zenye hatari na mara nyingi viwango vyake vya asilimia. Mtengenezaji ambaye dawa yake ina PEA kwa kawaida hulisema jambo hilo waziwazi, na asiyetaja kisafishi chochote popote huniachia shaka ya kutosha kuiacha chupa yake.

Viongeza oktani navyo visichanganywe na visafishi, ingawa mara nyingi huwekwa kwenye rafu moja. Baadhi yake hutumia manganizi katika umbo la MMT, ambayo ikiungua huacha mabaki ya rangi ya kutu kwenye plagi. Mtu aliyekusudia kuondoa uchafu anaweza kujikuta ameongeza wa aina nyingine.

Matumizi sahihi ni mepesi lakini yana mpangilio. Dawa huingizwa tangi likiwa karibu kuisha, kisha petroli hujazwa juu yake ili ichanganyike, na tangi lote huendeshwa hadi liishe karibu kabisa kabla ya kujaza tena, ikiwezekana kwa safari ndefu badala ya vipande vifupi vya kuwasha na kuzima. Kipimo kisizidishwe kwa matumaini ya kuharakisha kazi. Sehemu ya kisafishi isiyoungua huteremka pembeni mwa ringi na kuingia kwenye oili, na ndiyo maana ninashauri tangi lenye dawa liwe lile la mwisho kabla ya kubadilisha oili. Faida ya mpangilio huo ni mbili: uchafu unaondolewa, na oili iliyochafuliwa inamwagwa mapema.

Kuhusu mara ngapi, jibu linategemea petroli inayotumika. Nchini Marekani, sheria ilianza mwaka 1995 kulazimisha petroli yote iwe na visafishi vya kiwango cha chini kilichowekwa, na mwaka 2004 kampuni za BMW, General Motors, Honda na Toyota zikaanzisha kiwango cha juu zaidi kinachoitwa Top Tier kwa sababu ziliona kile cha kisheria hakitoshi. Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha nchi hiyo, AAA, kilitangaza matokeo ya majaribio yake yaliyoonyesha kwamba petroli zisizo za Top Tier ziliacha uchafu mara 19 zaidi kwa wastani kuliko zile zenye kiwango hicho, baada ya mwendo wa maili 4,000 wa majaribio. Anayejaza petroli yenye visafishi vya kutosha kila siku anaifanyia injini yake kazi ileile ambayo mwingine anaitafuta kwa chupa mara moja baada ya muda mrefu, na chupa kwake itakuwa na kazi ndogo sana. Pale ambapo ubora wa petroli haujulikani, chupa ya PEA kabla ya kila mabadiliko ya oili, au kabla ya kila mabadiliko ya pili, ni matumizi ya busara.

Mipaka ya njia hii haina utata. Katika injini inayonyunyiza petroli juu ya valvu, husafisha injekta, valvu na chumba cha mwako. Katika injini inayopuliza moja kwa moja ndani ya silinda, yaani ya sindano ya moja kwa moja, husafisha injekta na chumba cha mwako, na valvu hubaki kama zilivyokuwa. Injini nyingine zina injekta za aina zote mbili kwa pamoja, kama mfumo wa D-4S wa Toyota, na hizo hunufaika na dawa ya tangi hata kwenye valvu, kwa kuwa injekta za mlangoni huziosha.

Kupuliza kwenye njia ya hewa, au kufungua na kusafisha kwa mkono

Kwa wenye injini za sindano ya moja kwa moja, ushindani wa kweli uko hapa, kati ya kopo la kupuliza na kazi ya gereji.

Ukiingiza kamera nyembamba kwenye mlango wa hewa wa injini kama hiyo iliyotembea muda mrefu, unaona shina la valvu limevimba kwa tabaka jeusi, kavu na lenye mashimo mashimo, na pale shina linapopanuka kuelekea uso wa valvu ukoko umejaza mkunjo wote kiasi kwamba umbo la chuma halionekani. Tabaka la namna hiyo limeokwa kwa joto mara nyingi sana, na sehemu yake ya ndani ni ngumu. Ukilidondoshea kiyeyushi ukasubiri, uso wake hulainika na kutoa maji meusi, lakini kijiti cha plastiki kikikwaruza chini kidogo tu hukutana na ganda lisilobonyea. Mafundi wanaosafisha kwa mikono hurudia kuloweka, kukwaruza na kufyonza mara kadhaa kwa kila mlango kabla chuma hakijaonekana.

Mtu akishaona hivyo kwa karibu, ni vigumu kuamini kwamba kopo lililopulizwa kwa dakika chache kupitia throto (kilango kinachodhibiti hewa inayoingia), injini ikiwa inazunguka, litamaliza kazi hiyo. Dawa hizi nyingi huelekezwa zipulizwe injini ikiwa ya moto na ikizunguka kwa takriban mizunguko 2,000 kwa dakika, kisha injini izimwe na kuachwa ili dawa iliyobaki ipenye, na mwisho gari liendeshwe kwa mwendo mkubwa. Ukungu wa dawa hugawanyika bila usawa, silinda iliyo karibu na throto ikipata zaidi na ya mbali ikipata kidogo, na muda wa kugusana ni mfupi. Nafasi yake halali, kwa maoni yangu, ni kwenye tabaka jipya na laini, yaani kama matunzo ya kurudiwa tangu gari likiwa na kilomita chache, au mara baada ya valvu kusafishwa kwa mkono ili ukoko usijijenge upya haraka.

Hatari zake nazo ni nyingi kuliko za dawa ya tangi. Kimiminika kingi kikiingia kwa mkupuo kinaweza kujaa kwenye silinda, na kwa kuwa hakigandamiziki, kinaweza kupinda fimbo ya pistoni. Sensa ya kupima hewa inaweza kuharibika ikipulizwa, hivyo dawa lazima iingie baada ya sensa hiyo. Kwenye injini yenye turbo, vipande vigumu vya kaboni vinavyobanduka hupita kwenye mapezi ya turbo vikielekea nje, na dawa isiyoungua ikifika kwenye masega ya ekzosi (katalisti inayosafisha moshi) huyapandisha joto. Baadhi ya watengenezaji wa magari wanakataza kabisa njia hii kwenye injini zao zenye turbo, na kitabu cha gari kisomwe kabla ya kopo kufunguliwa.

Upande wa pili kuna usafishaji wa kulipua kwa chembechembe za maganda ya jozi (walnut) zilizosagwa. Fundi huondoa manifoldi ya hewa (bomba linalogawa hewa kwa silinda), huzungusha krenki hadi valvu za silinda anayoshughulikia zifunge kabisa, kisha hupuliza chembechembe hizo kwa hewa ya kompresa huku mashine ya kufyonza ikizivuta pamoja na uchafu. Maganda hayo ni magumu vya kutosha kuvunja kaboni lakini ni laini kuliko chuma, hivyo valvu hubaki bila mikwaruzo. Kazi hii huchukua saa kadhaa, huhitaji gasketi mpya za manifoldi, na hudai fundi makini, kwa sababu valvu ambayo haijafunga itaruhusu chembechembe ziingie kwenye silinda. Hata hivyo ndiyo njia ambayo matokeo yake yanaweza kuonekana kwa macho: kamera huingizwa kabla na baada, na mwenye gari ana haki ya kuonyeshwa picha zote mbili.

Nikilazimika kuchagua kwa injini ya sindano ya moja kwa moja iliyokwisha tembea sana na kuanza kutetemeka asubuhi inapowashwa, nitachagua kufungua. Kopo litabaki kwa yule ambaye kamera imemwonyesha utando mwembamba tu. Wapo pia wanaouliza kuhusu mashine za kupitisha gesi ya haidrojeni kwenye njia ya hewa. Gesi hiyo huungua ndani ya silinda, si kwenye mlango wa hewa, kwa hiyo hata anayeamini kwamba inapunguza kaboni ya chumba cha mwako hana sababu ya kuitarajia isafishe valvu.

Upande wa oili

Dawa ya kusafisha injini kwa ndani humiminwa kwenye oili ya zamani muda mfupi kabla ya kuimwaga, injini huachwa ikizunguka polepole gari likiwa limesimama kwa dakika zilizotajwa kwenye kopo, kwa kawaida kati ya 5 na 15, kisha oili humwagwa ikiwa ya moto na filta hubadilishwa. Wakati wote huo gari haliendeshwi, kwa sababu dawa hupunguza uzito wa oili na utando unaolinda beringi huwa mwembamba. Wanaotumia dizeli au mafuta ya taa badala ya dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo huongeza hatari hiyohiyo bila kujua kipimo salama, na sioni hoja ya kuwatetea.

Uamuzi wa kuitumia au kutoitumia uanzie kwenye kifuniko cha kujazia oili. Kikifunguliwa na ndani kukaonekana chuma chenye rangi ya dhahabu iliyofifia, injini haihitaji dawa hii. Kikionyesha utando wa kahawia usiobanduka kwa kidole, dawa inaweza kusaidia. Lakini kama chini yake kuna tope jeusi nene linaloweza kukwanguliwa kwa kijiko, hapo dawa kali ndiyo hatari zaidi, kwa sababu hubandua tope kwa mkupuo na vipande vyake huziba chujio la waya lililo ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), pampu ya oili ikakosa cha kuvuta, na beringi zikaungua katika injini ambayo ingeweza kuishi. Injini zenye mkanda wa taimingi unaozunguka ndani ya oili nazo ziachwe, kwa kuwa viyeyushi hudhoofisha mpira wa mkanda na mabaki yake huishia kwenye chujio lilelile.

Njia inayoshindana nayo ni ya polepole: kutumia oili nzuri yenye visafishi vyake na kuibadilisha mapema kuliko kawaida kwa mara mbili au tatu mfululizo, pamoja na filta kila mara. Oili huondoa tope kwa tabaka nyembamba ambazo filta inaweza kuzikamata. Inahitaji subira, na mwenye gari hatasikia tofauti yoyote siku ya kwanza. Kwa injini yenye tope jingi ninaiona bora bila shaka, ikifuatana na kushusha sampu na kusafisha chujio kwa mkono ikiwa fundi anaweza.

Injini inayokula oili kwa sababu ringi zimekwama ni jambo jingine. Kwake kuna njia ya kuloweka: plagi hutolewa, kiyeyushi humiminwa kwa kipimo kwenye kila silinda, huachwa kwa saa kadhaa ili kiteremke hadi kwenye ringi, kisha kilichobaki hufyonzwa na injini huzungushwa kwa stata plagi zikiwa bado nje, ili kimiminika kisibaki ndani. Oili hubadilishwa mara moja kwa kuwa kiyeyushi kimeteremka kwenye sampu. Matokeo hutofautiana sana. Ringi zilizokwama kwa kaboni zinaweza kulegea, lakini zilizolika haziwezi kurudishwa na kemikali yoyote.

Injini za dizeli

Kwa dizeli, dawa ya tangi hufanya kazi kwenye injekta, ambazo katika mifumo ya kisasa hufanya kazi kwa shinikizo linaloweza kupita baa 2,000 na kuharibiwa na utando mdogo sana. Dawa iwe ya dizeli, si ya petroli. Manifoldi ya hewa iliyojaa tope la masizi na oili kutokana na EGR haifikiwi na dawa hiyo, na dawa pekee inayoaminika hapo ni kuifungua na kuisafisha.

Kichujio cha masizi cha ekzosi, DPF, huleta mkanganyiko wa pekee. Masizi yanayoshikwa humo huungua joto likifika takriban nyuzi 600 za Selsiasi, na viambato vyenye seriamu hushusha kiwango hicho. Kampuni ya Peugeot ilianza kutumia mbinu hiyo mwaka 2000. Lakini pamoja na masizi kuna majivu yanayotokana na viambato vya oili, na majivu hayaungui kwa joto lolote la gari. Kichujio kilichojaa majivu hutolewa na kusafishwa kwa mashine au hubadilishwa, hata kama kibandiko cha chupa kinasema vingine.

Kujua kama dawa imefanya kazi

Hisia za dereva hazitoshi, kwa kuwa mtu aliyelipia dawa hutamani kuona mabadiliko. Kwa injini ya petroli, kompyuta ya gari huweka rekodi ya asilimia ya petroli inayoongeza au kupunguza ili mwako uwe sawa, na mashine ndogo ya kusoma misimbo huweza kuionyesha. Marekebisho ya muda mrefu yanayozidi asilimia 10 kwa upande wa kuongeza yanaweza kumaanisha injekta zilizoziba, ingawa hewa inayovuja baada ya sensa au pampu dhaifu ya petroli pia huleta alama hiyohiyo, na vyote viwili vichunguzwe kwanza. Idadi ya misi (mara ambazo mwako umeshindwa) kwa kila silinda nayo husomwa kwenye magari mengi. Namba hizo ziandikwe kabla ya dawa na baada ya tangi kuisha, injini ikiwa na joto lilelile. Zikishuka, tangi la pili lenye dawa lina maana. Zisipotikisika baada ya tangi la pili, chupa ya tatu haitabadilisha kitu: injekta zitolewe zikapimwe kwenye mashine ya kulinganisha mtiririko, ambayo huonyesha mililita zinazotoka kwa kila moja, umbo la mnyunyizo wake, na kama inavuja ikiwa imefungwa.